Msiwanyang'anye madereva redio, wafungieni betri ya pili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Morogoro. Wiki mbili zilizopita aliandika kwamba malori yote yanayopita barabara ya kati yavuliwe redio kubwa na taa za ziada, kwani ndizo zinazomaliza betri na kuyaacha malori gizani katikati ya njia. Barua yake nimeikata nikaibandika kwenye banda langu la kazi hapa Kizota, na kila dereva aliyekuja tangu siku hiyo nimemsomea. Alichokiona ni kweli. Malori yanalala gizani na watu wanayagonga. Dawa aliyoitoa ndiyo ninayoipinga, na sababu ya kuipinga ninayo tangu mwaka 2011.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Kabla ya hapo nilikuwa utingo wa Fuso. Mwaka huo, mwezi wa sita, tulitoka Singida na vitunguu tukielekea Dar es Salaam. Tulipomaliza kuteremka Saranda, kabla ya kufika Bahi, mpira wa maji wa rejeta ukapasuka. Ilikuwa saa moja na nusu usiku. Dereva alilivuta gari pembeni kadiri alivyoweza, lakini ukingo wa barabara pale ulikuwa mwembamba, na upande mmoja wa bodi ukabaki juu ya lami. Akawasha hazadi, zile taa za kupepesa za tahadhari. Tukaweka pembetatu, tukavunja matawi ya miti tukayapanga nyuma kama ilivyo desturi yetu. Utingo mwenzangu akaomba lifti kurudi Manyoni kutafuta mpira, mimi na dereva tukabaki kulinda mzigo.

Wanaoijua Dodoma wanajua baridi ya mwezi wa sita. Tuliingia ndani, dereva akafungua redio asikilize taarifa ya habari ya saa mbili. Baada ya habari akaiacha ipige muziki, na taa ya ndani akaiacha iwake ili nisisinzie. Alikuwa mtu mwema yule mzee. Hakuwa mlevi, hakuwa mzembe, na alinifundisha mengi. Lakini redio ile ilikuwa ya volti 12 na Fuso ni gari la volti 24, lenye betri mbili zilizounganishwa moja nyuma ya nyingine. Fundi aliyeifunga alichukua njia ya mkato inayotumika mpaka leo: alichomeka waya wa redio kwenye betri moja tu kati ya zile mbili. Betri moja ikawa inalisha redio, spika mbili kubwa na taa ya ndani, na juu ya hayo inabeba nusu yake ya hazadi.

Saa nne usiku hazadi ikaanza kupepesa kwa uvivu. Taa za nyuma zikageuka rangi ya kaa la moto. Dereva akazima redio haraka, akajaribu kuwasha injini kidogo tu ili betri zipate chaji, nasi tulishamwaga maji ya akiba kwenye rejeta. Stata, ile mota ya kuzungusha injini iwake, ikasema tak, tak, ikanyamaza. Betri mbili za Fuso ni kama ng'ombe wawili wa jembe: mmoja akilala, mwingine hana la kufanya hata kama ana nguvu. Ndani ya nusu saa hatukuwa na taa hata moja. Lori lililopita kwa kasi likatawanya matawi yetu, na upepo wake ukaiangusha pembetatu. Niliporuka chini na tochi ya simu kwenda kuisimamisha, nilisikia pikipiki inakuja kutoka upande wa Manyoni.

Alikuwa kijana wa rika langu. Alipona, namshukuru Mungu, lakini mguu wake wa kulia ulikatwa juu ya goti. Nilikaa naye pale chini nimemshika mkono hadi gari la kumchukua lilipofika. Asubuhi tulipoulizwa kilichotokea, dereva alijibu kwamba betri ilikufa, na ndivyo ilivyoandikwa. Betri ile ilikuwa na miezi minne. Nilikuwepo iliponunuliwa. Haikufa, ilinyonywa. Mwaka huohuo niliacha utingo nikaenda kwa mzee mmoja fundi umeme mtaa wa Majengo, nikamsafishia vichwa vya betri na kumshikia taa miaka miwili mpaka nikajua kazi.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Morogoro asidhani namtetea mtu wa starehe. Namwomba tu aje aone dereva wa lori anaishi vipi katika ukanda wetu huu. Aende soko la mahindi la Kibaigwa wakati wa mavuno, aone Fuso na Kanta zilivyopanga foleni kusubiri mzigo, siku moja, siku mbili, wakati mwingine tatu. Dereva analala humo humo. Anachaji simu humo. Magunia yanapakiwa usiku, na lazima ahesabu moja moja, kwa sababu gunia likipungua atakatwa yeye. Aende Hombolo au Mpunguzi kipindi cha zabibu, Februari na Machi, na tena Agosti na Septemba. Zabibu haipendi jua, hivyo makreti yanapangwa jioni na usiku ili gari lifike sokoni Dar es Salaam mapema. Bila taa nzuri juu ya bodi, vijana wanakanyaga matunda na wanaanguka na makreti. Nimemfunga mkono kijana aliyeanguka hivyo.

Na redio. Barabara ya kutoka hapa kwenda Singida imenyooka, na mchana wa Oktoba joto linapanda kutoka kwenye lami mpaka macho yanauma. Dereva aliye peke yake anahitaji sauti ya binadamu mwenzake. Ukimwondolea redio ataweka simu sikioni, na hapo utakuwa umemwongezea hatari. Hili nalisema kwa uzoefu wa miaka minne ya kukaa kiti cha kushoto na kazi yangu ikiwa kumsemesha dereva asilale.

Haja ya umeme ipo na haitaondoka. Swali ni umeme huo utoke wapi.

Betri ya kuwashia gari imetengenezwa kwa kazi moja. Ndani yake kuna vyumba sita, kila kimoja kinatoa volti 2 na kidogo, na kila chumba kina sahani nyingi za risasi zilizo nyembamba. Wembamba ule ni wa makusudi, ili betri iweze kutoa mamia ya ampea kwa sekunde chache za kuzungusha stata, kisha ipumzike na alteneta, ile jenereta inayozungushwa na injini, irudishe kilichotoka. Haikuundwa kutoa ampea chache usiku kucha. Ukiifanyia hivyo, sahani zake zinafunikwa na chumvi nyeupe ya risasi, na ukiiacha tupu siku kadhaa chumvi hiyo inakuwa ngumu, haiondoki tena hata ukichaji. Betri ya namna hii ukiikausha kabisa mara kadhaa, imekwisha. Dereva ataniambia betri za siku hizi hazidumu. Zipo mbovu, sikatai, lakini nyingi zinazoletwa kwangu zimeuawa kwa spika.

Naomba wasomaji wafanye hesabu nami, maana hesabu hii ndiyo ninayowachorea madereva kwa chaki kwenye sakafu. Chukua Kanta ya volti 12 yenye betri ya N70. Ikiwa mpya na imejaa, ina ampea-saa kama 65 au 70, yaani ukivuta ampea 1 itakaa saa 65 au 70 ndipo iishe. Redio yenye kikuza sauti cha wastani inavuta ampea 6 hivi. Ongeza taa mbili za LED za kupakilia, wati 18 kila moja, ni ampea 3. Simu mbili kwenye chaji na taa ya ndani, weka ampea 1. Jumla ni 10. Dereva akifika Kibaigwa saa kumi na mbili jioni, akazima injini, akatumia vitu hivyo mpaka saa tano usiku, ameshakula ampea-saa 50. Zilizobaki hazitoshi kuamsha injini ya dizeli. Na kama taa zake za kupakilia ni zile za zamani za balbu ya wati 55, kila moja inakula zaidi ya ampea 4, na betri haitafika hata saa nne.

Sasa tazama upande wa pili. Taa ndogo za mbele na nyuma za gari hilo hilo, zote kwa pamoja, zinakula kama wati 30, yaani ampea 2 na nusu. Kwa saa kumi na mbili za usiku ni ampea-saa 30. Maana yake betri nzima ambayo haijaguswa na redio inaweza kumulika nyuma ya lori lililoharibika tangu magharibi hadi kuche, na asubuhi bado ina nguvu. Taa za usiku ule pale Saranda zilikuwemo ndani ya betri zetu. Tulizimaliza wenyewe tukisikiliza muziki.

Ndiyo maana nasema betri ya pili. Kila kinachotumika gari likiwa limesimama, yaani redio, taa za kupakilia, chaji ya simu, kikae kwenye betri yake. Ile ya kuwashia ibaki na stata, taa za barabarani na hazadi, basi. Betri zote mbili zichajiwe na alteneta injini inapozunguka, na injini ikizima ziachane zenyewe bila dereva kukumbuka kubonyeza kitu. Dereva aliyechoka hakumbuki, na asilaumiwe kwa hilo.

Kinachoziunganisha na kuziachanisha ni rilei, swichi inayofunga na kuachia yenyewe ikipata umeme. Hapa ndipo mafundi wenzangu tunapokosea, na naomba wanivumilie niseme wazi. Wengi tunachukua umeme wa kuamsha rilei kutoka kwenye swichi ya funguo, kwa kuwa ni rahisi kuupata. Tatizo ni kwamba swichi ikifunguliwa rilei nayo inafunga papo hapo, kabla injini haijawaka. Dereva anapopiga stata, stata inavuta umeme kutoka betri zote mbili, na ule waya wa betri ya pili, ambao haukupimwa kwa kazi hiyo, unapata moto. Afadhali rilei inayohisi volti. Hiyo inasubiri mpaka alteneta ipandishe betri ya kwanza kufika volti 13.3 hivi, ndipo inaunganisha. Injini ikizimwa na volti zikashuka hadi 12.8 hivi, inaachia. Zinapatikana madukani siku hizi, na nyingine zina kitufe cha kuunganisha betri zote kwa muda, siku ile ya kwanza ikilala.

Kwa wenye Fuso na magari mengine ya volti 24, betri ya redio inakuwa ya tatu, kwa sababu zile mbili za chini huhesabiwa kama moja. Hapo rilei peke yake haifai, maana utapeleka volti 28 kwenye betri ya volti 12. Inatakiwa konveta ya kuchajia, inayopokea 24 na kutoa volti 13.8, nayo iwake injini ikiwa inazunguka tu. Tafadhali, tafadhali, msichomeke kwenye betri moja kati ya mbili. Alteneta haioni betri moja moja, inaona jumla. Ile inayonyonywa inabaki chini siku zote, na mwenzake inasukumiwa zaidi ya inavyostahili, inachemka, maji yanakauka. Mwenye gari ananunua betri mbili mpya, na baada ya miezi michache yuko dukani tena. Mkiona Fuso ambayo betri moja ina maji na nyingine imekauka, fuateni waya wa redio.

Jambo la fyuzi, kile kipande kinachokatika na kuzima njia umeme ukizidi, nitalisema kwa urefu kwa sababu limenikosesha usingizi mwaka huu.

Miezi michache iliyopita niliitwa kwenda kuangalia Kanta iliyoungua pembezoni mwa mji. Nani aliifunga betri ile sitasema, na wala sikufika pale kwa ajili ya kumtafuta. Betri ya pili ilikuwa imewekwa nyuma ya kiti, chini ya godoro la utingo. Waya mnene ulitoka kwenye betri ya mbele, ukapita kwenye tundu la sakafu la bati ambalo halikuvishwa mpira, ukaenda mpaka nyuma ya kiti. Kwa miezi bati lile lilikuwa linaukata waya kidogo kidogo kila gari likitikisika, na njia za vijijini Kondoa zinatikisa kweli. Siku bati lilipofika kwenye shaba, ikawa shoti. Hapakuwa na fyuzi hata moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Betri ya lori ikipigwa shoti inatoa umeme wa kuchomelea chuma. Waya wote uligeuka mwekundu, ukawasha godoro. Utingo alikuwa amelala. Aliamka kwa moshi, akatokea dirishani, mikono imeungua. Kebini ilibaki mifupa.

Fyuzi ambayo ingezuia yote hayo inaingia kwenye kiganja cha mtoto.

Mahali pake ni shubiri moja kutoka kichwa cha betri. Usiiweke katikati ya njia, wala karibu na redio, kwa sababu waya ulio kabla ya fyuzi hauna mlinzi. Na zinatakiwa mbili, moja kila upande. Mafundi vijana huniuliza mbili za nini wakati waya ni mmoja. Ni kwa sababu waya huo una betri mwanzoni na betri mwishoni. Ukikatika katikati ukagusa chesi, yaani fremu ya chuma ya gari, pande zote mbili zinaumwaga umeme pale, na fyuzi ya upande mmoja haiwezi kuuzuia wa upande mwingine. Kwenye Kanta mimi hutumia waya wa milimita 16 za mraba na fyuzi za ampea 60. Waya unavishwa bomba la plastiki lenye mikunjo, na kila unapopita kwenye bati unavishwa mpira. Waya wa hasi unafungwa kwenye chesi palipokwaruzwa rangi mpaka chuma kikaonekana, siyo juu ya kutu.

Betri yenyewe isikae ndani ya kebini. Betri ya maji inapochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, ambayo inalipuka kwa cheche ndogo, na kebini ni mahali watu wanawasha sigara na kuchomoa waya wa spika. Iwekwe nje kwenye chesi, mbali na tangi la dizeli, ndani ya sanduku la chuma lenye matundu ya hewa. Ifungwe ukanda isirukeruke, na kofuli juu yake, maana Kibaigwa na Manyoni betri isiyofungwa haioni asubuhi.

Matunzo ni machache. Katika joto letu maji hupungua upesi, basi yaangaliwe kila mwezi na kuongezwa maji ya betri, kamwe siyo ya bomba, kwa sababu maji ya Dodoma yana chumvi nyingi hata birika la chai linajua. Vichwa vikiota unga wa kijani au mweupe, mwaga maji ya moto, kausha, paka grisi. Kila dereva awe na kipima volti kidogo mbele yake. Injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa na hakuna kinachowaka, 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 ni nusu, na ukiona 11.8 zima kila kitu. Kwa wanaokaa foleni siku mbili bila kuwasha injini, nawashauri paneli ya sola ya wati 100 juu ya kebini pamoja na kidhibiti chake. Kwa jua letu la saa sita au saa saba mchana, paneli hiyo inatoa ampea 5 hivi, na kufika jioni imerudisha sehemu kubwa ya kilicholiwa jana usiku. Nimefunga tatu mwaka huu, na mmoja wa madereva hao ameniambia hajasukuma gari tangu Machi.

Kuna mambo ambayo ndugu wa Morogoro yuko sahihi kabisa, na ningependa ajue namuunga mkono. Taa nyeupe kali zinazotazama nyuma zikiwashwa safarini zinampofusha anayefuata. Hizo ni za kupakilia, zizimwe gari likitembea. Mimi siku hizi nazifunga kwa rilei inayozikata lori likiwashwa taa za barabarani, na mwenye gari asiyetaka hivyo simfungii. Taa za bluu na nyekundu za kupepesa kama za polisi nazo nimekataa kufunga, nikapoteza wateja. Muziki wa kutikisa vioo usiku karibu na nyumba za watu wagonjwa na watoto, huo pia aukemee, nami nitamsaidia kukemea.

Nina maombi kwa watu watatu, Mhariri, nikitumaini wanasoma gazeti lako. Kwanza ni matajiri wenye malori. Nimesikia mara nyingi tajiri akimwambia dereva, ukitaka redio jifungie kwa hela yako. Dereva analipwa posho ya njiani, kwa hiyo anatafuta fundi wa bei ya chini kabisa, waya mwembamba kabisa, na fyuzi haimo. Gari ni lako, tajiri. Betri ya kuwashia inayokufa ni yako, mzigo unaooza pale Saranda unadaiwa kwako. Betri ya pili pamoja na rilei, waya, fyuzi na ufundi, kwa kazi ninazofanya mimi, haifiki bei ya tairi moja jipya la Fuso.

Pili ni askari wetu wa usalama barabarani. Katika wiki ya Nenda kwa Usalama mnakagua breki, matairi, taa na pembetatu, na mnafanya vizuri. Nawaomba mfungue pia sanduku la betri. Haihitaji kipimo. Fuateni waya mnene kutoka kwenye kichwa cha chanya, na kama hamkuona fyuzi ndani ya shubiri moja, gari hilo lirudi gereji kabla halijapata stika. Angalieni pia kama kuna waya unaotoka kwenye betri moja kati ya mbili kwenda kebini. Ni dakika mbili.

Tatu ni walimu wa VETA, vyuo vyetu vya ufundi stadi. Vijana mnaotuletea kwa mafunzo kazini wanaijua sheria ya Ohm kwa kalamu, jambo jema, mimi niliijua nikiwa na miaka karibu thelathini. Lakini wengi hawajawahi kufunga betri ya pili kwa mikono yao, na hiyo ndiyo kazi watakayoombwa na mteja wa kwanza mtaani. Wapeni Kanta mbovu, waya na rilei, wafunge, kisha mwalimu apige shoti kwa makusudi waone fyuzi inavyokatika. Niliwafanyia hivyo wawili walioko kwangu sasa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesahau fyuzi tena.

Yule kijana wa pikipiki tuliendelea kuwasiliana. Ana kibanda cha kuuza vipuri vya baiskeli Bahi, na ana watoto wawili. Mwaka jana nilimpelekea betri iliyorudishwa na mteja, bado nzima, nikamfungia taa na redio dukani kwake. Niliweka fyuzi mbili ingawa pale moja ingetosha. Aliniuliza ya pili ya nini, nikamweleza kama nilivyoeleza hapa. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama lori lile lilikuwa nazo. Nikamwambia kwamba lile halikuhitaji fyuzi, lilihitaji betri nyingine.

Dereva yeyote apitaye Dodoma na asiyejua redio yake imechomekwa wapi, afike Kizota aulize banda la fundi umeme karibu na reli. Kupima sitozi hela, na Jumapili mchana baada ya ibada nipo.

Fundi umeme wa magari,
Kizota, Dodoma